Jiko la Safarini

Binadamu alisafiri na moto kabla hajajua kuandika. Wafugaji walihama na kijinga kilichofukiwa majivuni, na mabaharia wa majahazi ya pwani yetu walipikia juu ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Kwa hiyo mzazi anayesimama dukani leo, akijiuliza achukue jiko gani la kwenda nalo kambini pamoja na watoto, anauliza swali la zamani sana. Nimeipitia historia ya swali hilo kwa miaka kadhaa, nayo imenifunza kwamba jiko huchaguliwa kwa kuanzia na mafuta yake, na mafuta huchaguliwa kwa kuanzia na mahali mtu anapokwenda. Anayeanza na uzuri wa jiko anaweza kulala na njaa pembeni mwa jiko zuri.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, msafiri aliyetaka kupika mahali pasipo na kuni alikuwa na njia mbili hafifu. Alitumia jiko la spiriti, ambalo moto wake ni safi lakini hauna nguvu, au jiko la utambi lililopaka sufuria masizi. Mwaka 1892, fundi mmoja wa Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist, alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi. Mafuta yalisukumwa kwa pampu, yakapita katika bomba lililopashwa moto na kugeuka mvuke kabla ya kuwaka. Mvuke huo uliwaka kwa mwali wa buluu, wenye joto kali na usio na masizi. Jiko hilo likaitwa Primus.

Watu wa kwanza kulisifu sana walikuwa wasafiri wa nchi za barafu. Mnorwe Fridtjof Nansen alilichukua katika safari yake ya kaskazini ya mwaka 1893 hadi 1896. Huko maji hayatekwi, huyeyushwa. Msafiri aliyezungukwa na barafu pande zote anaweza kufa kwa kiu kama aliye jangwani, iwapo hana mafuta ya kuiyeyusha. Hapo jiko si chombo cha starehe tena. Ni kisima chake.

Jambo hilo lilionekana wazi katika mashindano ya kufika Ncha ya Kusini. Roald Amundsen alifika tarehe 14 Desemba 1911, na Mwingereza Robert Scott akafika tarehe 17 Januari 1912. Wote wawili walikuwa wameacha akiba za mafuta njiani kwa ajili ya kurudi. Amundsen aliyaziba makopo yake kwa risasi ya kulehemu. Makopo ya Scott yalikuwa na vifuniko vyenye kipande cha ngozi, na kwa baridi ile ngozi haikushika vizuri. Scott na wenzake walipofika kwenye akiba zao walikuta mafuta yamepungua. Walikufa mwezi Machi 1912, na katika ujumbe wake wa mwisho Scott alitaja upungufu wa mafuta kuwa mojawapo ya mambo yaliyowaangusha. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo baridi, njaa na uchovu, lakini kila ninapokaza valvu ya mtungi wa gesi huvikumbuka vile vipande vya ngozi.

Miaka 41 baadaye, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walilala juu sana kwenye mlima Everest, usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 1953. Asubuhi Hillary alikuta viatu vyake vimeganda kama mawe, akavipasha juu ya jiko la mafuta ya taa mpaka vikalainika. Baadaye siku ile wakafika kileleni.

Jiko hilo la mashujaa ndilo lililoingia katika nyumba za kawaida za miji yetu. Wengi wa rika langu tunalijua kwa sauti yake kuliko kwa sura. Mama alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe chake, akawasha, akangoja, kisha akapiga pampu na mngurumo ukajaa jikoni. Palikuwa na kijisindano cha kuzibulia tundu, na sisi watoto tulikatazwa kukichezea. Uzuri wa jiko lile ni kwamba mafuta ya taa yaliuzwa hata katika duka la kijiji, kwa kibaba na kwa chupa. Ubaya wake ni harufu, hatari ya mafuta kumwagika, na ule ustadi wa kuliwasha ambao haukupatikana kwa siku moja.

Gesi ilikuja kuondoa shida hizo. Mnamo 1910 mkemia wa Kimarekani, Walter Snelling, aligundua kwamba mvuke unaotoroka kwenye petroli una gesi zinazoweza kugandamizwa zikawa maji na kubebwa. Gesi kuu katika hizo ni propani na butani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na familia za Ulaya zilipoanza tena kwenda likizo, kampuni ya Camping Gaz iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1949 ilifanya biashara kubwa ya mitungi midogo ya kubeba. Hapakuwa na pampu wala spiriti. Unafungua, unawasha kiberiti, unapika.

Lakini gesi nayo ina tabia zake. Ili iwake ni lazima kwanza ichemke ndani ya mtungi na kuwa mvuke. Butani huacha kufanya hivyo inapofikia karibu nusu nyuzi chini ya sifuri, ilhali propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa familia inayopiga hema ufukweni Bagamoyo, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa wanaolala juu kwenye Mlima Kenya au Kilimanjaro, inaweza kuwa tofauti kati ya chai na maji ya barafu alfajiri. Huko hufaa kopo lenye mchanganyiko wa propani. Na maharage yaachwe nyumbani, kwa kuwa kwenye mita 4,700 maji huchemka yakiwa na nyuzi 85 hivi, na maharage hayaivi kwa urahisi, hata moto uwe mkali namna gani.

Kuna somo jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1934, Mmarekani Richard Byrd alikaa peke yake miezi kadhaa katika kibanda kilichofukiwa na theluji huko Antaktika. Jiko lake na injini ya umeme vilitoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Alianza kuumwa kichwa, akaishiwa nguvu, akaanguka. Wenzake walipomfikia mwezi Agosti walikuta mtu aliyekondeana. Byrd alikuwa msafiri mzoefu, na bado hewa ile ilikaribia kumuua.

Hewa hiyo haihitaji Antaktika. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya hema usiku wa baridi linaitoa hata pale moshi ulipokwisha na makaa yanapoonekana kufa. Watoto husinzia, wazazi hudhani wamechoka na safari. Jiko la gesi au la mafuta lililowashwa katika hema lililofungwa laweza kufanya vivyo hivyo. Gesi ambayo haijaungua ina hatari yake pia: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, palepale watu walipotandika. Harufu ile mbaya tunayoinusa imetiwa kwa makusudi ili ituamshe. Sheria za kutia harufu zilipata nguvu baada ya gesi asilia isiyo na harufu kulipuka katika shule ya New London, Texas, mwaka 1937, na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto.

Basi, kwa familia inayosafiri kwa gari, mimi nashauri mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ule ambao Kenya wengi huuita meko. Ni mzito, lakini gari halilalamiki, na hujazwa katika miji mingi. Kwa wanaobeba mizigo mgongoni, makopo madogo yanafaa, ila yanunuliwe mjini kabla ya safari, tena yajaribiwe nyumbani, kwa kuwa si kila kopo huingia katika kila jiko. Kwa wanaokwenda mbali na maduka ya gesi, jiko la pampu bado lina heshima yake. Lakini liwe jiko lolote, lipikie nje, mahali upepo unapopita, na lilale nje. Watoto wakiona baridi, waongezewe blanketi.