Kuifufua Meza ya Kompyuta bila Kuizima: Chanzo cha Uwezo Huo

Mwandishi wa tasnifu anapoona madirisha yameganda kiooni, aghalabu hukimbilia kibonye cha umeme, na kurasa ambazo hakuzihifadhi hupotea papo hapo. Yafaa kuuliza ni kwa nini hasara hiyo huepukika katika mifumo fulani, na katika mingine haiepukiki.

Jibu limo katika mgawanyo wa kazi ndani ya mashine zaidi ya ustadi wa mtumiaji. Meza ya kiooni, yenye majalada na karatasi za kuchorwa, iliingia sokoni mwaka 1981 katika kompyuta ya Xerox iitwayo Star. Mwaka huohuo IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, ambamo mhandisi David Bradley alikuwa ametia amri ya vibonye vitatu: Ctrl, Alt na Del. Amri hiyo haikutengeneza kitu. Iliianzisha mashine upya, basi. (Bradley aliikusudia kwa wahandisi wenzake, wala si kwa umma.)

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 1984 huko MIT, Marekani, ambako Robert Scheifler na Jim Gettys walianzisha mfumo wa X. Humo seva ndiyo ichorayo kiooni, ilhali kuyapanga na kuyasogeza madirisha ni kazi ya programu ya pembeni, yaani msimamizi wa madirisha. Huyo akikwama, mtumiaji huhamia kwenye kioo cha maandishi matupu, au huingia kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine, akamsimamisha na kumwanzisha upya. Tasnifu iliyofunguliwa hubaki mahali pake. Lakini seva yenyewe ikianguka, programu zote ziitegemeazo huanguka nayo, ijapokuwa mfumo wa chini ungali hai.

Microsoft ilichanganya njia hizo mbili. Katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, iliingiza sehemu kubwa ya uchoraji ndani ya kiini ili kuongeza kasi. Hata hivyo Explorer, yenye kuonyesha meza, ilibaki programu ya kawaida iwezayo kufungwa na kufunguliwa tena.

Ajabu ni kwamba mradi wa Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, uliunganisha tena seva na msimamizi. Katika GNOME juu ya X, kubonyeza Alt na F2 kisha kuandika herufi r kuliifufua meza nzima, madirisha yakasalimika. Juu ya Wayland amri hiyo haikubaliwi, kwani programu moja ndiyo meza na ndiyo seva. Ikifungwa, madirisha huondoka nayo.