Pembe, kuni na makala: historia ya inchi ya Maniema

Tunaposoma historia ya Maniema, mara nyingi tunasoma juu ya vita: Wangwana, Bula Matari, bunduki, mateka. Ni vema kuyajua. Lakini kuna historia ingine, ndiyo ya inchi yenyewe: nyama wake, miti yake, maji yake. Tuitazame kidogo, kwa maana inatufundisha neno linalotuhusu hata leo.

Tuanze na pembe. Livingstone aliingia Maniema mwaka 1869. Alikaa miezi mingi Kabambare, na mwaka 1871 akafika Nyangwe. Mwaka uleule alikutana na Stanley kule Ujiji, akamuelezea kwamba watu wa Maniema hawakuhesabu pembe kuwa mali kubwa: walizisimamisha kuwa miimo ya milango na nguzo za nyumba. Tusiwacheke wazee wetu. Wao waliwinda tembo kwa kula nyama yake; pembe ilikuwa kitu cha kujengea. Pembe ilipata bei kwa sababu mbali sana, Uingereza, Ubelgiji na Marekani, watu walitaka vibao vya piano, tufe za mchezo wa biliari, vitana na mipini ya visu.

Karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa muji wake. Toka pale njia ilipita Kabambare, ikavuka Tanganyika, ikafika Ujiji, Tabora, Bagamoyo na mwisho Unguja. Kila pembe ilibebwa na mutu begani, na wengi wa wale wabebaji walikuwa mateka. Basi tembo na mwanadamu waliteswa kwa biashara moja.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia Kasongo. Wengine walifikiri kwamba biashara ile imekwisha. Haikuisha; iligeuza njia tu. Pembe zilishuka sasa kwa muto mpaka Matadi, na toka pale mpaka Anvers. Soko la pembe la Anvers lilianza mwaka 1888, na baada ya miaka michache lilishinda lile la London. Pamoja na pembe ulitafutwa mupira wa pori. Aliyelazimishwa kuleta mupira mwingi kwa siku chache alikata kamba nzima ya mupira, na kamba iliyokatwa shinani haikutoa kitu tena.

Je, hakukuwa na sheria? Mwaka 1900 wakubwa wa Ulaya walikutana London, wakatia sahihi mapatano ya kulinda nyama wa Afrika, hata tembo wadogo. Lakini si inchi zote zilizoyathibitisha, basi mapatano yale hayakupata nguvu. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1989 ili biashara ya pembe kati ya inchi na inchi ikatazwe. Na mwaka 2021 wenye elimu ya nyama waliandika tembo wa msitu kati ya wale walio katika hatari kubwa ya kumalizika kabisa. Tembo jike huchukua mimba karibu miezi 22, na yule wa msitu kwa kawaida hazai kabla ya kupita miaka 20. Muwindaji anamuua kwa dakika moja. Kumurudisha kunataka muda wa mutu kuzaliwa, kukua na kuoa.

Tuje kwa kuni. Mwaka 1902 kampuni ya njia za gari la moshi, CFL, iliundwa ili kuunganisha muto na Maziwa Makubwa. Mwaka 1906 njia ya Stanleyville mpaka Ponthierville ilikuwa tayari, na karibu na mwaka 1911 ile ya Kindu mpaka Kongolo, urefu wake kilometa 355. Magari yale na masua ya moshi ya Lualaba yalikula kuni. Kandokando ya njia na ya muto watu wa vijiji walikata miti, wakaipasua, wakaipanga mafungu mafungu, masua ikafika na kuchukua. Kwa njia hii msitu wa Maniema ulilipa safari ya mali iliyokuwa ikitoka Maniema. Katika hesabu za kampuni utakuta bei ya kuni. Bei ya msitu uliokatwa hutaikuta.

Na leo? Kongo ina bwawa la Inga, la kwanza toka mwaka 1972, la pili toka mwaka 1982. Nyuzi za umeme za kilometa karibu 1,700 zilivutwa toka Inga mpaka Katanga kwa ajili ya machimbo ya shaba, nazo zilipita juu ya vijiji visivyo na taa. Lakini mama wa Kasongo na wa Kabambare bado wanapika kwa kuni na makala. Anayechoma makala tusimufanye adui. Yeye anatafuta ada ya shule ya watoto, na mama anayenunua hana moto mwingine. Kule Namoya, katika Kabambare, machimbo makubwa ya zahabu yalianza kutoa zahabu ya biashara mwaka 2016. Tena kuna wachimbaji wadogo. Pale wanaposafisha zahabu kwa zebaki, sumu yake inaingia ndani ya maji, ndani ya samaki, mwisho ndani ya watoto.

Wengine watasema: tufanye mbuga, wageni waje kutazama nyama, watalipa. Hiyo inaweza kusaidia. Lakini tukumbuke Mbuga ya Albert, iliyofanywa Kivu mwaka 1925: wenyeji wengi walitolewa katika mashamba yao, na uchungu ule haujaisha. Katika Maniema kwetu, upande wa kaskazini, Mbuga ya Lomami iliwekwa mwaka 2016. Itadumu ikiwa majirani wake wataiona kuwa yao.

Basi, neno tunalofundishwa ni hili. Kwa pembe, kwa mupira, kwa kuni, bei ilipangwa na watu wa mbali wasioona inchi hii, na sheria ya kulinda ilifika wakati mali imekwisha kutoka. Lakini safari hii kuna sheria moja ambayo imefika kabla. Kwa dekreti ya mwezi wa Agosti 2014, watu wa kijiji wanaweza kuomba Serikali msitu wa mababu zao uwe mikononi mwao kwa daima, mpaka hektari 50,000, wautumie na kuulinda wenyewe. Ombi linataka ramani, majina ya mito, mipaka iliyokubaliwa na majirani.

Ni nani kijijini anayejua kuandika, na ambaye wazee wanamuamini? Mara nyingi ni katekista. Akae nao, awaulize tembo walipita wapi, samaki walizalia wapi, mupaka ni muti gani. Aandike. Wakati mwenye bei atakapofika tena, akute kijiji kimekwisha kuhesabu mali yake.