Nyaatha: Jina kama Ushahidi wa Imani Nyeri, 1915–1930

Historia ya Ukristo katika nchi za Mlima Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kufuata shule, hospitali, tafsiri za Biblia na hesabu ya waliobatizwa. Hizo ni kumbukumbu za wamisionari wenyewe. Ipo kumbukumbu nyingine wasiyoiandika wao, nayo imo katika lugha ya wenyeji: methali zilizosemwa juu ya wageni na majina waliyopewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa jina moja la Nyeri, jinsi kumbukumbu hiyo inavyotenganisha imani iliyohubiriwa na imani iliyotendwa.

Wamisionari wa Konsolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, katika Murang'a, mwaka 1902, wakapokewa na Karuri wa Gakure; muda si mrefu wakaenea hadi Nyeri. Wapresbiteri wa Uskoti walifungua kituo cha Tumutumu mwaka 1908. Ujio wao uliandamana na utawala wa Waingereza, kodi na kutwaliwa kwa ardhi, na misheni nazo zilikuwa na mashamba. Ndipo ikaenea methali ya Kikuyu isemayo *Gũtirĩ mũthũngũ na mũbĩa*, yaani, hakuna tofauti kati ya Mzungu na padri. Yafaa izingatiwe kwamba methali hii haibishani na mafundisho ya padri. Inampima kwa mwenendo wake, na kwa kipimo hicho inamweka fungu moja na setla.

Katika mazingira hayo alifika Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, na kuingia Kenya Januari 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuguza wapagazi wa jeshi la Waingereza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kiswahili kimehifadhi habari yao katika jina Kariakoo la Dar es Salaam, na Kariokor la Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Baada ya vita, mwaka 1920, Sista Irene alipelekwa Gikondi, katika Nyeri. Huko alifundisha shule, akawazungukia wagonjwa na wazazi majumbani kwa miguu, akawaandikia barua wasiojua kusoma ambao wana wao walikuwa kazini mbali.

Watu wa Gikondi walimwita Nyaatha. Katika Kikuyu, *tha* ni huruma, na *nya-* ni mwanzo unaosikika katika majina mengi ya wanawake: Nyawĩra ni wa *wĩra*, yaani kazi, Nyambura ni wa *mbura*, yaani mvua. Jina hilo basi halikumtaja mgeni kwa rangi yake, cheo chake wala dhehebu lake. Lilimwingiza katika utaratibu wa majina ya wanawake wa nyumbani, na sababu ya kumwingiza ikawa tendo.

Uzito wa tendo hilo hauonekani mpaka ikumbukwe desturi ya wakati ule. Maiti ilileta *thahu*, yaani unajisi, na aliyekaribia kufa aghalabu alitolewa nje ya nyumba. Mtu aliyemsogelea mgonjwa mahututi na kumgusa alikuwa akivuka mpaka ambao kila mtazamaji aliujua. Hapakuhitajika hotuba ya kueleza maana yake.

Ushahidi wa jina hili unaongezeka nguvu ukilinganishwa na miaka lilipotumika. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro wa tohara ya wanawake. Wengi waliyahama makanisa ya Kiprotestanti, shule za kujitegemea zikaanza kuenea, na nyimbo za Mũthĩrĩgũ zikawakejeli wamisionari na maofisa hadi serikali ikazipiga marufuku mwaka 1930. Jamii iliyokuwa na ulimi mkali kiasi hicho haikuwa na sababu ya kumbembeleza mtawa wa Kizungu. Mwaka huohuo Sista Irene alimuuguza mwalimu wa shule aliyepatwa na tauni, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39.

Huenda ikapingwa kwamba jina hili limehifadhiwa zaidi na waumini, na hasa na Kanisa, lililomtangaza Mwenyeheri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Hoja hiyo ina haki yake. Hata hivyo, Kanisa lilikuwa na jina lake tayari, Irene, nalo ni la Kigiriki. Kuhifadhi Nyaatha ni kukiri kwamba ushuhuda wa watu wa Gikondi ulitangulia hukumu ya Roma kwa miaka 85.

Wala jina hilo haliifuti methali. Mtawa mmoja mwenye huruma hakurudisha ardhi, na waliosema hakuna tofauti kati ya Mzungu na padri walikuwa na mashamba yao ya kuonyesha. Lugha ileile imeyahifadhi yote mawili, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuchukua moja na kuliacha la pili. Kazi inayobaki ni kuyakusanya majina na misemo ya namna hii kutoka Tumutumu, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru, wakiwapo bado wazee wawezao kueleza ni nani aliyepewa jina gani, na kwa tendo lipi.