Jina alilojichagulia Mfalme wa Japani

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza kwa nini sisi wa lugha hung'ang'ania majina ya vipindi katika vitabu vya historia. "Prof, si jina ni jina tu?" Nikamsimulia kisa cha Go-Daigo.

Kwa desturi ya Japani, Mfalme Mkuu hupewa jina la kumkumbuka akiisha kufa. Go-Daigo hakuwaachia wengine kazi hiyo. Alijichagulia lake angali hai. "Go" ni "wa baadaye". Daigo mwenyewe alitawala kuanzia 897 hadi 930, na zama zake zilisifiwa kwa sababu hapakuwa na msimamizi aliyetawala kwa niaba yake. Jina lenyewe, basi, lilikuwa ilani.

Alipotawazwa mwaka 1318, nguvu zilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Kamakura. Njama zake za kuwaangusha zilifichuka, na mwaka 1332 akapelekwa uhamishoni visiwani Oki. Mwaka uliofuata akatoroka, Kamakura ikaanguka, naye akarejea Kyoto. Hapo ndipo alipoharibu mambo, kwa maoni yangu. Wapiganaji walitarajia mashamba. Wengi wakaambulia patupu huku watu wa kasri wakineemeka. Ashikaga Takauji, jemadari aliyemsaidia, akamgeuka. Mwishoni mwa 1336 Go-Daigo alikimbilia milima ya Yoshino, akafia huko 1339. Japani ikabaki na makasri mawili yenye wafalme wawili, Kusini na Kaskazini, hadi 1392.

Kiswahili hutumia neno "jina" kwa maana mbili: la kuitwa na la kusifika. Je, aliyeshindwa hivi alilipataje hilo la pili? Mfuasi wake, Kitabatake Chikafusa, aliandika kitabu kuitetea Kusini, ingawa humo humo hakusita kulaumu zawadi zilivyogawanywa.

Lakini kishindo hasa kilikuja 1911. Kitabu cha historia cha shule za msingi kiliyaweka makasri yote mawili sawa. Magazeti yakachachamaa, bungeni kukawa hakukaliki, na Kita Sadakichi, msomi aliyehusika na kitabu hicho, akasimamishwa kazi wizarani. Maneno "Kusini na Kaskazini" yakaondolewa. Watoto wakasoma kuhusu "Kasri la Yoshino", kana kwamba lile jingine halikuwahi kuwapo. Na ajabu ni kwamba Mfalme Meiji, aliyekuwa kitini wakati huo, alikuwa wa uzao wa Kaskazini!

Baada ya vita kuisha mwaka 1945, jina la zamani lilirudi vitabuni. Takauji, ambaye vizazi vya wanafunzi vilifunzwa kumwita msaliti, akaanza kuchunguzwa kama mwanasiasa mwingine yeyote.

Mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na vyetu, Prof, ni nani huviandika?" Nikamwambia alilete swali hilo darasani Jumatatu.