Timu ya Carlisle katika Mwaka wa 1911

Katika kurasa hizi ambazo kwa desturi hubeba hesabu za ada na za mazishi, twaomba nafasi ndogo ya kueleza habari za timu moja ya mpira ya Marekani. Vijana wake walikuwa mbali na kwao kama wengi wetu tulivyo hapa mjini, ila wengi wao hawakuondoka kwa hiari.

Shule ya Carlisle ilifunguliwa mwaka 1879 na Kapteni Richard Henry Pratt katika kambi ya zamani ya jeshi, jimbo la Pennsylvania. Watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani waliletwa huko kwa gari moshi, wakakatwa nywele, wakapewa majina ya Kiingereza na kukatazwa lugha za mama zao. Ilikuwa shule ya kazi za mikono, wala si chuo kikuu. Lakini katika mpira ilipambana na vyuo vikuu. Mpira huo si huu wetu: una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa teke.

Carlisle haikuwa katika ligi yo yote. Hapakuwa na kombe la kugombea. Kila mchezo ulipatikana kwa mapatano, na fungu la fedha za mlangoni likikatwa mapema. Basi michezo yake mikubwa yote ya mwaka ule ilichezwa ugenini, mbele ya watu wa timu nyingine.

Tarehe 11 Novemba, 1911, walifika Harvard. Wenyeji walianza na wachezaji wa akiba, kwani waliwadharau wageni. Jim Thorpe, wa kabila la Sac and Fox, alicheza mguu umefungwa bendeji, akapiga mpira ukapita kati ya milingoti mara 4, kila mara pointi 3. Harvard ilipowaingiza mashujaa wake, ilikuwa imechelewa. Carlisle ilishinda 18 kwa 15. Juma lililofuata vijana hao hao walishindwa na Syracuse kwa pointi moja tu, 12 kwa 11. Ndiyo mara pekee waliyoshindwa katika michezo 12.

Na fedha je? Hapa wanachama wetu wanaojua kumwuliza mtunza hazina watasikiliza vizuri. Fedha za mlangoni ziliwekwa katika mfuko wa michezo, nje ya hesabu za serikali, na mkono wa mwalimu wa timu, Glenn Warner, ulikuwa mzito juu yake. Gus Welch, aliyeongoza mashambulizi uwanjani siku ile ya Harvard, aliwakusanya wanafunzi wenzake wakatia sahihi malalamiko yao, na wajumbe wa Bunge la Marekani wakaja kuchunguza mwaka 1914. Warner aliondoka, shule ikafungwa mwaka 1918.

Huko Carlisle yalibaki makaburi zaidi ya 180, mengi yakiwa ya wanafunzi waliofia shuleni. Sisi tuliopata kusindikiza maiti hadi kijijini twaijua safari ya namna hiyo. Tangu mwaka 2017 jamaa zao wamekuwa wakienda kuichukua mifupa ya watoto wao, na kuirudisha ikazikwe kwao.