Leso Katika Mashamba ya Bariadi

Mwezi wa Juni, vitumba vya pamba vikiwa vimekwisha kupasuka katika mashamba ya Bariadi, utamwona mama wa Kisukuma amejifunga khanga kiunoni ikawa mfuko, akichuma kwa mikono miwili na kubagua papo hapo pamba safi na pamba fifi. Na akisha kuuza, fedha yake huitia katika leso, kitambaa kidogo cha mraba, akalikaza fundo kwa meno. Lakini angekuwa Mombasa, ile nguo ya kiunoni ndiyo ambayo wenyeji wangeiita leso.

Neno hili tumelirithi kwa Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kung'olewa katika Ngome ya Yesu mwaka 1698. Wao husema lenço, yaani kitambaa cha mkononi au cha kichwani, na asili yake ni linteum la Kilatini, nguo ya kitani. Kwa Wahispania neno hilohilo limekuwa lienzo, nalo hasa ni kile kitambaa ambacho msanii huchorea picha. Na kutokana na linteolum, udogo wa linteum, Waitaliano wamepata lenzuolo, shuka la kitanda, na Wafaransa linceul, ambalo zamani lilikuwa shuka vilevile, ila leo, kwa huzuni iliyoje, ni sanda ya maiti.

Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani waliziunga leso sita, tatu kwa mbili, zikawa vazi moja. Mombasa jina likaifuata nguo nzima. Huku kwetu likabaki na kipande, na nguo ikaitwa khanga. Sioni aliyekosea.

Wala katika leso ya Bariadi hamna uzi wa kitani. Ni pamba tupu, na pamba nayo ina ajabu yake. Mreno, Mkristo aliyepigana na Waarabu, huiita algodão, ambalo ni al-qutn la Kiarabu pamoja na al yake. Ilhali sisi Waswahili, tuliochota kwa Waarabu maneno yasiyo na idadi, hili tulilichukua kwa Waajemi, wasemao panba. Katika shina hilo la Kiajemi mna bambagia la Waitaliano, na bumbac, ndilo jina la pamba kwa Warumania hadi leo. Msukuma, mkulima wake mwenyewe, huiita buluba.