Bomba refu la Bondi

Kwenye kipindi tuliutaja mwaka 1989 harakaharaka, na wengine mmeuliza: kwani kulitokea nini? Basi tuanze nyuma kidogo.

Sydney ilianza kumwaga maji taka baharini pale Bondi mwaka 1889. Kabla ya hapo yalikuwa yakiishia bandarini, katikati ya mji, kwa hiyo watu waliona ni maendeleo. Malabar wakapata bomba lao 1916, na North Head wakafuata. Shida ni kwamba mabomba yalitokea chini ya majabali, karibu kabisa na fukwe. Upepo ukigeuka, uchafu unarudi kwa waogeleaji. Vile vipande vilivyokuwa vikielea vilipewa hata jina, "sigara za Bondi". Sigara gani, nadhani mmeelewa.

Mwaka 1989 watu wakachoka. Maelfu kwa maelfu walijaa Bondi kwenye tamasha la muziki la kupinga uchafu huo, Turn Back the Tide. Mwaka huohuo jimbo likaanzisha Beachwatch, ile huduma inayopima bakteria wa kinyesi majini na kututangazia wapi pako salama. Kisha, 1990 na 1991, mabomba yakarefushwa yakafika kilomita 2 hadi 4 kutoka pwani, kwenye kina cha mita 60 hadi 80. Fukwe zikawa safi zaidi kweli, hilo sibishi.

Lakini angalia kilichofanyika: uchafu ulisogezwa tu. Mpaka leo viwanda vile vitatu kazi yao kubwa ni kuchuja na kuacha mazito yatulie chini. Yanayobaki yanaenda baharini.

Sasa njoo kwetu. Kiwanda cha Quakers Hill kinayasafisha maji kwa hatua kadhaa zaidi, kwa sababu yanatoka na kuingia kijito cha Breakfast Creek, halafu Eastern Creek, South Creek, hadi mto Hawkesbury. Kijito kidogo hakina pa kuficha kitu. Yaani sisi wa magharibi, tunaotaniwa kwamba hatuna bahari, maji yetu ya chooni yanasafishwa kuliko ya Bondi!

Tusijivune sana, lakini. Maji taka ya Liverpool na Fairfield, kwa shangazi na binamu zetu wengi, huelekea Malabar. Na Oktoba 2024 madonge meusi yalipotapakaa Coogee, kwanza wakasema ni lami. Yalipopimwa yakakutwa na mafuta ya kupikia, sabuni, hata chembe za madawa ya kulevya. Vitu vya majumbani, vya kumwagwa kwenye sinki.

Kwa hiyo kabla hujapanda treni, zaidi ya saa moja hadi baharini na watoto na vyombo vya pilau, fungua Beachwatch. Mvua kubwa ikinyesha, fukwe za bahari subiri siku 1. Bandarini na mitoni, hadi siku 3.